Nina Bitcoin, sina kodi ya nyumba: jibu kwa fundi wa Kirumba

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mkenya wa Homa Bay, niko hapa Mwanza mwaka wa saba sasa, natengeneza injini za boti pale Kirumba, na kibali niko nacho. Tangu 2019 kila nikipata pesa nanunua Bitcoin kidogo kidogo kwa simu. Leo niko na 0.11 na sijawahi kuuza hata mara moja. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima, 1,800,000, na mfukoni niko na laki nne. Mke wangu, mtu wa Ukerewe, hajui kama niko na kitu. Rafiki mmoja anasema nikope kwa kuweka Bitcoin rehani. Mwingine anasema serikali ya huku ikijua, nimeisha. Niuze, nikope, ama nihame nyumba?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate: uza. Uza kiasi cha kodi ya miezi sita na kidogo cha juu yake, mara moja tu, kisha iliyobaki usiiguse. Usikope, na nyumba usihame kwa sababu hii. Mwenye nyumba mwambie miezi sita. Wengi wao huanza na mwaka kama muuza sangara anavyoanza na bei ya mgeni, na akishaona umeshika laki tisa mkononi, mazungumzo hubadilika.

Lakini swali lako lina jingine ndani yake. Mtu mwenye 0.11 anayekosa usingizi kwa sababu ya laki tano hana shida ya umaskini. Umefanya jambo lililowashinda wengi ninaowafahamu: umenunua na hujauza, bei ikipanda, bei ikianguka. Sasa kutouza kumekuwa mwiko, na mwiko huo umeanza kukulaza njaa.

Naelewa ulivyofika hapo. Mwenzako wa hapa akipata laki tatu ananunua tofali, anazipanga kwenye kiwanja chake Buswelu au Kisesa, nyasi zinaota katikati yake, miaka inapita, lakini kila akipita na daladala anaziona. Wewe utazipanga wapi? Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Ng'ombe ukinunua kule kwenu wanataka mchungaji unayemwamini, nawe uko ng'ambo ya mpaka. Bitcoin haikujali umezaliwa upande gani wa ziwa. Kwa mtu anayeishi ugenini hilo si dogo, na sitaki kukucheka kama wanaokucheka kijiweni.

Ila angalia Wasukuma uliopanga kwao. Mzee wa Magu mwenye ng'ombe arobaini anaweza kukosa elfu kumi mfukoni, na hakuna anayemwita maskini. Akiba ya namna yako wanaijua tangu zamani, na wana adabu zake. Jike na mtamba haguswi. Anayekwenda mnadani ni dume. Tena anakwenda akiwa amenona, malisho yakiwa bado mazuri. Hangojwi mpaka Septemba, mbavu zinahesabika na kila mtu kaleta wake mnadani siku hiyo hiyo. Na hakuna anayemswaga ng'ombe dukani kwenda kununua sukari. Kwa sukari kuna maziwa, kuna kuku, kuna pamba. Wewe una ng'ombe peke yake.

Tuiweke kwenye hesabu, maana mimi kazi yangu ni hesabu. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500, basi kodi ya miezi sita ni dola 360. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Ungelipa kodi ile wiki, ungetoa satoshi (vile vipande vidogo, milioni mia moja kwa Bitcoin moja) kama 520,000 hivi, chini ya asilimia 5 ya ulizonazo leo. Novemba 2022, baada ya FTX, soko kubwa la sarafu hizi mtandaoni, kuanguka, bei ilishuka chini ya dola 16,000. Nyumba ni ile ile, choo ni kile kile cha nje, ila kodi sasa inakula satoshi 2,250,000 na zaidi, yaani zaidi ya moja ya tano ya akiba yako yote. Mwenye nyumba hakupandisha hata senti. Kilichokuumiza ni kulazimika kuuza siku ambayo hukuichagua.

Na usijiambie kwamba bei itarudi kabla ya tarehe ya kodi. Aliyenunua kileleni Desemba 2017, karibu dola 20,000, aliiona ikishuka hadi kama 3,200 mwaka uliofuata, akasubiri miaka mitatu ndipo akaiona tena bei yake. Aliyenunua kilele cha 2021 alisubiri mpaka Machi 2024. Hakuna mwenye nyumba wa kusubiri hivyo, hata awe shemeji yako.

Sasa tuje kwenye kazi yako, maana nadhani tatizo limeanzia hapo. Kipato chako kinakwenda na mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwaka taa za dagaa hazina nguvu, mitumbwi inavutwa nchi kavu, na hapo ndipo wanakubebea injini. Lakini mwenye mtumbwi anakulipa giza likirudi, ameshavua, ameshauza pale Mwaloni. Kwa hiyo nusu ya mwezi unafanya kazi kwa ahadi, nusu nyingine unapokea. Na nikikisia vizuri, siku unayopokea ndiyo siku unayonunua Bitcoin, jioni hiyo hiyo, kabla hata unga haujaingia ndani. Ikifika mbalamwezi nyingine unakopa dukani. Fundi mwenye mali anakopa kilo mbili za unga!

Geuza utaratibu. Kwanza kapu la shilingi: kodi ya miezi sita na chakula cha miezi mitatu, kwenye akaunti ya benki au laini isiyo ya matumizi ya kila siku. Mpaka lijae, usinunue hata satoshi moja. Najua utasema shilingi inaliwa na bei za vitu kupanda. Inaliwa, ndiyo. Kazi yake ni kuliwa. Likishajaa, rudi kwenye kununua kidogo kidogo kama zamani, na likipungua unalijaza kwanza. Ukiona bei imepanda sana na kapu lina nafasi, huo ndio wakati wa kumtoa dume, kabla hujaulizwa kodi.

Kuhusu rafiki wa rehani. Anachokwambia kipo: unampa mtu Bitcoin zako azishike, anakupa dola, ukirudisha na riba anakurudishia zako. Bei ikishuka kupita kiwango mlichokubaliana anaziuza bila kukupigia simu. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba tangu siku ulipompa, hazipo kwako. Celsius ya Marekani ilifanya biashara hiyo kwa sifa kubwa. Juni 2022 ikazuia watu kutoa mali zao na mwezi uliofuata ikaomba kinga ya ufilisi mahakamani. Waliokuwa wameweka walipanga foleni ya wadai. Wewe kwa kodi ya chumba na sebule usiingie kwenye foleni hiyo.

Kuhusu rafiki wa serikali, huyu ana ukweli nusu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini, na kwamba kuzifanyia biashara, kuzitangaza na kuzitumia kunakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia alipozindua jengo la tawi la Benki Kuu hapa hapa Mwanza aliwaambia wakuu wa benki hiyo wajiandae na sarafu za mtandaoni, wasije wakakutwa. Watu walishangilia kana kwamba tangazo limefutwa. Hotuba haifuti tangazo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, inayokatwa na mwenye jukwaa. Kwa hiyo mkono mmoja unasema si fedha, mwingine unaitoza kodi. Sisi wahasibu tumezoea.

Kwa mgeni kama wewe nashauri hivi. Usimlipe mwenye nyumba kwa Bitcoin hata akikubali. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bidhaa na huduma za hapa nchini zitajwe na kulipwa kwa shilingi, na hata dola haziruhusiwi. Usianze kuwabadilishia watu pesa pale Kirumba kwa sababu tu wewe unajua na wao hawajui. Amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, na kuhamisha fedha kwa simu ni mojawapo. Ukionekana unapokea na kutuma kutwa nzima, nani atakaa kukusikiliza ukieleza tofauti? Kibali chako kina thamani kuliko faida ya kubadilisha. Na kwa kuwa unaishi hapa zaidi ya siku 183 kwa mwaka, sheria ya kodi inakuhesabu mkazi, hata ulichopata nje kinaweza kuulizwa. Nunua daftari la kawaida. Andika tarehe, kiasi, bei, umenunua au umeuza, na pesa imeingia wapi. Siku ukikaa na mtu wa TRA au mshauri wa kodi, daftari hilo litakusemea.

Uzie wapi basi? Ningekuwa wewe ningeuzia kwenu. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali hizi Oktoba 2025, ikawaweka chini ya Benki Kuu yao na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tafuta anayekwenda na sheria hiyo, uza kwa kitambulisho chako, pesa iingie M-Pesa yako ya Kenya kwa jina lako, kisha uitume kwenye M-Pesa yako ya Tanzania, nayo kwa jina lako. Ukienda likizo kupitia Sirari, afadhali zaidi, fanya ukiwa nyumbani umekaa. Utaacha hela kidogo kwenye makato. Ziache.

Nakukwepesha kuuziana mtu na mtu kwa sababu kumeniunguza mwenyewe. Mwaka 2023 nilikuwa na USDT 300, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, nikampata mnunuzi mtandaoni, kijana anayejua kuongea. Nilikuwa nimekaa kwa wakala, nimeshika simu, ujumbe ukaingia: umepokea. Kiasi sawa. Jina lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni dada yake, yeye laini yake imejaa. Mimi mhasibu wa miaka kumi na tano nikaridhika na jibu hilo, nikaachia USDT. Siku ya nne pesa kwenye laini yangu zimezuiwa. Yule "dada" alikuwa mama mmoja wa Shinyanga aliyetumiwa ule ujumbe wetu maarufu, "ile pesa itume kwenye namba hii", naye akiwa kweli anadaiwa na fundi wake akatuma. Namba aliyopewa ilikuwa yangu. Nilikwenda polisi na kurudi kwa wiki tatu, na pesa nikamrudishia mama, maana ni zake. Mimi ni raia, naongea Kiswahili cha hapa, na kituoni kulikuwa na mtu niliyesoma naye. Jiweke wewe pale na pasipoti yako.

Ukibanwa ukalazimika kuuziana hivyo, jina la mtumaji liwe lile lile la mnunuzi, herufi kwa herufi. Likitofautiana rudisha pesa, usisikilize habari za dada. Na salio liangalie kwenye menyu, usiuamini ujumbe, maana ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika.

Kuna kitu hukuuliza lakini kimefichwa kwenye "kwa simu". Bitcoin zako ziko wapi hasa? Kama ziko kwenye akaunti ya soko la mtandaoni uliyofungua 2019 kwa laini ya Kenya, jiulize hiyo laini iko wapi leo. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni huichukua na kumpa mtu mwingine, na namba za kuthibitisha zitakwenda kwa huyo mtu. Nimeshaona. Iweke vocha kila mara, na uthibitisho uuhamishie kwenye programu inayozalisha namba ndani ya simu yenyewe. Kisha sehemu kubwa ya akiba ihamishie kwenye waleti yako mwenyewe, ile inayokupa maneno 12 au 24. Anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye mali. Simu ikidumbukia ziwani ukiwa umeinamia injini, na wewe kazi yako ni kuinamia, unanunua nyingine, unaingiza maneno, mali inarudi.

Hapo ndipo tunafika kwa mkeo.

Miaka michache nyuma mjane mmoja alinijia ofisini na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mumewe alikuwa amemwambia sentensi moja tu maishani kuhusu jambo hili: "Hii karatasi ni shamba, usiitupe." Alikuwa ameizika kona ya chumba, na mchwa walikuwa wamefika kabla yangu. Nilipoikunjua juu ya meza, ukingo mzima wa kulia ulikuwa umeliwa kama mkate, na maneno saba kati ya kumi na mawili hayakuwa na mikia. Mama yule akafumba macho. Lakini maneno ya waleti hayatoki kila mahali. Yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2,048 ya Kiingereza, na orodha hiyo imepangwa ili herufi nne za mwanzo zitoshe kulitambua neno lolote. Mchwa walikuwa wamekula mikia, vichwa vipo. Tulikaa na orodha kutoka saa nne asubuhi, nikisoma, yeye akiweka tiki. Saa saba mchana waleti ikafunguka. Kilichokuwamo hakinihusu kukisema, ila ada ya watoto ilipatikana.

Fikiria sasa kama asingeambiwa hata ile sentensi moja. Kopo lile lingekwenda jalalani siku ya kufanya usafi baada ya msiba, na hakuna mahakama ya mirathi ya Mwanza wala ya Homa Bay ambayo ingemrudishia. Benki ina ofisi, ina meneja, ina jina la mrithi kwenye fomu. Hii haina dirisha la kugonga.

Kwa hiyo mwambie mkeo. Huna haja ya kumwambia bei, maana bei inabadilika kila siku na atakuwa anakuuliza kila jioni. Mwambie kuna kitu, ni akiba yenu, kinafunguliwa na maneno, na maneno yako mahali fulani. Mwambie pia nani wa kumwendea ili amsaidie, mtu mmoja mnayemwamini nyote wawili, na kwamba yeyote mwingine atakayemwomba ayasome maneno hayo kwa simu ni mwizi, hata akijitambulisha kuwa wa kampuni. Utaniambia unaogopa ndugu zake. Sawa, kila aliyeoa mbali na kwao anaogopa ndugu. Lakini huyu mama anakopa unga wenu dukani kwa jina lake, na wewe unajua mna mali. Siku akigundua kwa njia nyingine, nyumba itakayokushinda haitakuwa ya kupanga.

Unaweza pia kuandika wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandaa na kuhifadhi wosia. Ndani yake taja kwamba mali ipo na nani arithi. Maneno yenyewe usiyaandike humo, maana wosia siku moja husomwa mbele za watu. Usiyapige picha, usiyatume WhatsApp, na usiyagawe sita kwa mama yako Homa Bay na sita huku ukadhani umejilinda. Ikipotea nusu moja, yoyote, umepotelewa na zote.

Karatasi umeshasikia habari zake, ila wewe una bahati ambayo mimi sina. Unayo ile mihuri ya chuma ya kugongea herufi na namba kwenye bloku ya injini. Tafuta kipande cha bati la chuma kisichoshika kutu, ukubwa wa kitambulisho, ugonge herufi nne za mwanzo za kila neno kwa mpangilio wake, na namba ya neno mbele yake. Kwa maneno 12 hazitazidi herufi 48, kazi ya nusu saa. Fanya Jumapili, vijana wako wakiwa hawapo, na uweke bati juu ya kitu kigumu lisije likapinda, maana O iliyopigwa vibaya ukiisoma baada ya miaka kumi unaweza kuiona ni C.